Nafasi ya Boksi la Pili

Tangi lenyewe halikuwa na kosa. Hilo naliweka wazi mapema, kwa sababu kila nikianza habari zake watu hudhani nitasema lilivuja, au lilishika moto njiani, au liliniacha porini. Hapana. Lilifanya kazi niliyolitengenezea, tena vizuri kuliko nilivyotegemea. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea nikiwa na akili zangu timamu, sijanywa hata tone, tena nikijisifu.

Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilikuwa bwana afya Sumbawanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupeleka chanjo za watoto vijijini. Gari la idara lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya ofisi, matairi yameshaondoka zamani, kuku wa mlinzi wanataga ndani yake. Madukani vitu vilikuwa vimejaa ghafla, redio, mitumba, sabuni za kila rangi, halafu sisi ofisini tunakata karatasi moja vipande vinne ili tuandikie ripoti. Nilichobakiwa nacho ni pikipiki moja ya Kijapani, ya stroku mbili. Kwa asiyejua, hiyo ni pikipiki ambayo petroli yake lazima uichanganye na oili kabla ya kuitia kwenye tangi. Oili ikizidi, unatembea na moshi nyuma yako mpaka watu wanakohoa. Ikipungua, injini inakamata, na hapo umekwisha.

Niliipenda pikipiki ile, nikiri tu. Niliijua kwa mlio. Tatizo lake lilikuwa moja, tangi dogo. Kwenda Namanyere na kurudi lilitosha, ukiendesha kwa adabu na kuzima injini kwenye miteremko. Kushuka mpaka Kirando ziwani, kurudi kulikuwa kwa kubahatisha. Na ukipita Kirando, ukashika njia ya miguu inayofuata ufuko hadi vijiji vya wavuvi, hapo hapakuwa na mjadala. Ungefika, usingerudi.

Nilishajaribu mara moja. Petroli iliniishia nikiwa narudi, katikati ya msitu wa miombo, na nilisukuma pikipiki tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama ndipo nikapata msaada. Chanjo zilizobaki zilikuwa ndani ya boksi la baridi, zimezungukwa na pakiti za barafu, na barafu ile ikawa maji. Nilizirudisha kwa Sista, mtawa aliyekuwa msimamizi wa friji la chanjo kituoni kwetu. Alizigusa, akaona zina joto, akaenda kuzimwaga mbele ya macho yangu bila kusema neno. Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiota nasukuma pikipiki.

Sasa, surua ikalipuka Kirando. Habari zilikuja na malori ya dagaa kabla hazijaja na barua za serikali, kama kawaida. Nami nikapata barua yangu mwenyewe, utingo wa lori akaniletea mkononi, inanuka dagaa. Iliandikwa na binti wa baba yangu mdogo, ambaye mimi namwita mdogo wangu tu, maana tulilelewa nyumba moja kule Mollo, tukala sahani moja, tukalima ulezi shamba moja. Alikuwa ameolewa na mvuvi katika kijiji cha mwisho kabisa kwenye ile njia ya ufukoni. Barua zake huwa na salamu ukurasa mzima. Hii haikuwa nazo. Aliandika kwamba Kirando watoto wanazikwa. Kijijini kwao ugonjwa haujaingia bado, ila watu wanakwenda na kurudi kila siku, na watoto wengi kule hawajawahi kuchanjwa. Binti yake alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, hajachomwa sindano hata moja tangu azaliwe. "Kaka, njoo kabla haijafika. Watu nitawakusanya mimi."

Nikasema nitakwenda, na safari hii nitarudi. Kirando walikuwa na zahanati na wahudumu wao. Kile kijiji cha mwisho hakikuwa na mtu ila mimi.

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, mtu mmoja mfupi, mcheshi, aliyekuwa na banda karibu na soko. Nilimpelekea dumu la bati la mafuta ya kula, lile la mraba, la lita ishirini. Tuliliosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu. Alikata mfuniko, akachomelea mdomo wenye kizibo cha kuzungusha, na chini akaweka bomba dogo la kuchomekea mpira wa kwenda kwenye kabureta. Pikipiki ilikuwa na kerea pana nyuma ya kiti, nayo ilibeba maboksi mawili ya chanjo yaliyokaa bega kwa bega. Kwa hiyo tangi tukalining'iniza ubavuni, chini ya kerea, upande usio na ekzosi. Likakaa vizuri. Kule juu maboksi yote mawili yakabaki na nafasi yao.

Tatizo ni kwamba petroli haipandi. Ukiweka tangi chini ya kabureta, mafuta yanakutazama tu. Fundi akacheka, akasema dawa yake ndogo: kila nikimaliza tangi la pikipiki nisimame, nichukue mpira, nivute kwa mdomo, nihamishe. Dakika kumi. "Utatema mate kidogo, basi."

Mimi nilikataa. Nilikataa kwa kiburi, hakuna neno jingine. Sikutaka kusimama porini na mpira mdomoni kama mwizi wa mafuta. Nilitaka mafuta yashuke yenyewe, nifungue koki na safari iendelee, kama matangi ya wazungu niliowaona wakipita na mapikipiki yao makubwa kuelekea Zambia. Nilikuwa nimeona tangi la namna hiyo kwa macho yangu, na nikaona nami naweza. Nikamwambia fundi alipandishe juu, kwenye kerea.

"Utaweka wapi boksi lako la pili?" aliniuliza.

Nilimwambia achomelee.

Tulilijaribu kwenye njia ya Kasense. Dakika chache nikiwa na mafuta ya tangi jipya, injini ikakohoa na kuzima. Nilifungua kizibo niangalie ndani, hewa ikaingia kwa mlio, nikawasha, ikawaka. Nikaenda kidogo, ikazima tena. Nilihangaika asubuhi nzima, wanawake wanaotoka shambani wananipita na kunipa pole ambazo zilianza kunikera, ndipo nikaelewa kwamba kizibo hakikuwa na tundu la hewa. Mafuta hayawezi kutoka kama hewa haiingii. Fundi alitoboa kwa msumari. Baada ya hapo niliendesha mpaka nilipochoka mwenyewe, injini haikukohoa hata mara moja, na niliporudi mjini nilimkumbatia yule fundi. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu nipate barua.

Kesho yake nikaenda kwa Sista kuchukua chanjo. Alikuwa ameandaa maboksi mawili, yamejaa, barafu imeganda vizuri. Alitoka nje kuyafunga kwenye pikipiki, akaliona tangi limekaa mahali pa boksi.

"Na hili la pili?"

"Sista, boksi moja linatosha."

"Nani amekuhesabia watoto?"

Hakuna aliyenihesabia. Barua ilisema "wengi". Nilimjibu kwa ukali, mimi mwenyewe nikashangaa sauti yangu. Nilimwambia nikikosa mafuta ya kurudia, hata hayo maboksi mawili tutayamwaga, na yeye anajua kuyamwaga. Lilikuwa neno baya kumwambia mtu mzima aliyekuwa akikesha na friji la mafuta ya taa ili utambi usije ukazima. Akanitazama. Kisha akalibeba boksi la pili mwenyewe, akalirudisha ndani. Nami nikafunga langu, nikakaza mipira, nikaona nimeshinda.

Asubuhi hiyo Sumbawanga ilikuwa na baridi ile ya kwetu, ya kukufanya uvae koti juu ya koti. Nilijaza matangi yote mawili mpaka mdomoni. Na hilo nalo kosa la mtu wa nyanda za juu. Nilipoanza kuteremka kuelekea ziwani, joto likapanda, petroli iliyojazwa kwenye baridi ikaanza kuvimba na kutoka kwenye lile tundu la msumari, ikitiririka juu ya boksi la chanjo. Nilisimama mara mbili kufuta kwa shati. Niliogopa sana, na nilimwomba Bikira Maria kila kona, lakini hata katika kuogopa nilikuwa nikitazama mpira wa mafuta na kuona petroli inapita, safi, bila kukatika. Moyoni nilikuwa nasema, umeona? Nilikuwa namwambia Sista.

Nilipita Kirando bila kusimama. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani kama siku nyingine zote, ila wanawake waliokuwa wakiwageuza hawakuwa wakipiga soga. Baada ya hapo ni njia ya miguu. Kabla sijafika kwa mdogo wangu, vitongoji viwili vilinisimamisha. Mama walisimama katikati ya njia, watoto mgongoni, nami ningewapitaje? Nilishuka, nikachanja. Kila nilipofungua kichupa nilijua nakitoa kwenye hesabu ya mbele, lakini surua ilikuwa karibu zaidi na hawa kuliko wale.

Nilifika kijiji cha mwisho jua likiwa bado juu kiasi. Mdogo wangu alikuwa amefanya kama alivyoahidi. Watu walikuwa mbele ya kanisa dogo la kigango, kimya, foleni imenyooka, kila mama na mtoto wake, wengine wawili, wengine watatu. Aliponiona alikuja mbio, akanishika mikono yote miwili, akanisemesha Kifipa cha nyumbani, na nikaona amekonda. Binti yake alikuwa mgongoni, macho makubwa, anatafuna ncha ya kanga.

"Nianze na huyu," nilisema.

"Hapana, kaka. Wangu atakuwa wa mwisho. Ukianza na wako, mimi nitasikia maneno hapa mwaka mzima. Wewe utaondoka, mimi ndiye ninayekaa nao."

Nilimsifu kwa hilo. Nilimwambia mama yetu kule Mollo amemlea vizuri. Akaenda kusimama nyuma kabisa.

Nilipokuwa napanga sindano juu ya meza ya katekista, mwenye mtumbwi mmoja alisogea kuitazama pikipiki. Jitu la miraba minne, kofia ya mitumba kichwani, salamu zake za kelele. Akagonga tangi langu kwa kidole.

"Daktari, hiki nini?"

"Petroli. Ya kurudia."

"Umetoka nayo Sumbawanga?"

Nikasema ndiyo, na nadhani nilisema kwa majivuno. Yule bwana akacheka, si kwa ubaya, akanishika bega akanigeuza nitazame ufuko. Mara ya mwisho nilipofika ziwani, miaka kadhaa nyuma, mitumbwi ilikuwa ya makasia tu. Sasa kulikuwa na injini tano, sita, zimefunikwa magunia. Na chini ya banda la makuti kulikuwa na mapipa ya petroli, pipa juu ya pipa, yamefunikwa magunia yaliyolowanishwa maji ili yasipate joto. Alinieleza kwamba wafanyabiashara wa dagaa wanayaleta kwa njia ya maji tangu biashara ifunguliwe. Wao hawajakosa petroli kwa miezi mingi.

"Ina oili?" nilimwuliza. Sauti ilinitoka ndogo.

"Imechanganywa tayari. Injini za mitumbwi ni stroku mbili, haziendi bila oili. Kama hiyo ya kwako."

Nifanye nieleweke. Sisi watu wa juu, petroli tunaijua kwa barabara. Petroli inakuja na lori, lori linakuja na barabara, barabara inapoishia na petroli imeishia. Kwa akili yangu kijiji kile kilikuwa mwisho wa dunia, kwa sababu gari halifiki. Haikunijia hata siku moja kwamba kwao wenyewe wako katikati, ziwa ndiyo barabara yao, na mafuta yanapita mlangoni kwao kila wiki. Ningemwuliza utingo wa lori la dagaa aliyeniletea barua, angeniambia kwa neno moja. Siku tatu nilizokaa kwa fundi sikumwuliza mtu yeyote chochote isipokuwa habari za bomba na kizibo.

Nilirudi kwenye meza nikaanza kuchanja. Nilichanja kwa haraka, nikihesabu vichwa na vichupa, vichwa na vichupa, na nilijua mapema kuliko mtu mwingine yeyote pale. Ilipofika nusu ya foleni nilikuwa nimeshajua. Ningeweza kusimama na kusema, jamani, hazitatosha, tuchague walio wadogo zaidi. Ndivyo tulivyofundishwa. Sikusema. Niliendelea kuchoma aliye mbele yangu, kisha anayemfuata, nikimwona mdogo wangu kule mwisho anambembeleza binti yake, ananitabasamia kila macho yetu yakikutana.

Vichupa viliisha watoto kumi na mmoja wakiwa bado. Nilitikisa boksi kwa mikono yote miwili, nikaligeuza, maji ya barafu yakamwagika. Nilikuwa naigiza. Nilijua hamna kitu.

Mdogo wangu akatoka nyuma ya foleni akaja mpaka mezani. "Zimekwisha, kaka?"

"Zimekwisha. Ndizo nilizopewa."

Ndivyo nilivyosema. Na iliaminika mara moja, maana nani wakati ule hakujua kwamba serikali haina kitu? Zahanati dawa hakuna, shuleni madaftari hakuna, kila mahali uchangie. Yeye ndiye aliyegeuka akawatuliza wale mama wengine. Aliwaambia msimlaumu kaka yangu, ametoka mbali, amegawa alichopewa, serikali ya siku hizi mnaijua. Mama mmoja alikuwa anatazama pikipiki, analitazama lile tangi la bati kwenye kerea karibu na boksi tupu. Nilidhani ataniuliza. Hakuniuliza. Niliahidi kurudi haraka, nikaondoka.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Sikusimama mahali popote. Nilipandisha mpaka uwanda wa juu, nikapita Namanyere bila hata kupunguza mwendo, na nilipofika kituoni nilikuwa na mafuta ya kunifikisha tena nusu ya njia. Sista alifungua boksi.

"Zimebaki?"

"Hapana."

"Wamebaki?"

"Kumi na moja."

Alilifunga boksi, akasema barafu ya lile la pili nayo imeshayeyuka, friji linahitaji usiku mara mbili kugandisha pakiti za maboksi mawili. Nilimwambia nitasubiri. Siku hizo mbili sikufanya kazi yoyote. Nililifungua tangi, nikalitoa, nikalitupa nyuma ya ofisi karibu na lile gari, nikakaa ukumbini kwa Sista kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Niliporudi ziwani na maboksi mawili, mtu wa kwanza kuniona alikuwa mwenye mtumbwi, na hakunisalimia kwa kelele. Surua ilikuwa imeshaingia. Niliwachoma wale ambao hawajapata homa, watatu kati ya kumi na mmoja. Wanane walikuwa wameshaanza, macho mekundu, makamasi, vipele nyuma ya masikio. Kwao sindano haikuwa na maana tena. Nilijaza petroli ya wavuvi kwenye pikipiki yangu, injini ikanguruma bila shida yoyote. Nilikaa siku nne, nikifanya kidogo ninachojua kufanya, maji, kupoza homa, kusafisha macho. Tulizika watoto watatu.

Binti wa mdogo wangu hakufa. Aliungua homa wiki nzima, na ilipomtoka, macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. La kulia lilikwenda kabisa. La kushoto linaona mwanga, na kivuli cha mtu akisogea.

Nimeishi na jambo hili miaka mingi kwa namna ambayo sioni fahari kuieleza. Mdogo wangu alikuwa ananisifia. Kwenye harusi, kwenye misiba, kila tukikutana Mollo, alikuwa anawaambia watu, "Huyu kaka yangu alikuja mara mbili. Kuna vijiji havikufikiwa hata mara moja." Na mimi nainamisha kichwa, watu wanadhani ni unyenyekevu. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli kila mwaka, na kila mwaka nilikunywa pombe yangu ya ulezi na kunyamaza. Hasira nilizokuwa nazo nilizimalizia kwa watu wengine, kwa makarani, kwa madereva, kwa mke wangu aliyekuwa hajui kosa lake.

Baada ya kustaafu kwangu, yule binti alikuja kukaa kwetu mjini. Ni mtu mzima sasa, anafuma masweta kwa kupapasa, na kwa baridi ya Sumbawanga hana shida ya wateja. Siku moja tulikuwa tumekaa tunaota jua la asubuhi, yeye anafuma, mimi nasikiliza redio. Akasema, kama mtu anayezungumza habari za kawaida, "Mjomba, mama mpaka leo hajalala vizuri. Anasema aliniponza yeye. Kwamba angekubali nichomwe wa kwanza kama ulivyotaka, nisingekuwa hivi. Ukimwambia asahau anakujia juu."

Nilizima redio. Sikuwa nimelijua hilo. Miaka yote ile nilidhani naficha aibu yangu peke yangu, kumbe nilikuwa nimemtwika yeye, naye kaibeba bila kunung'unika.

Nilimweleza yote. Boksi la pili, tangi, Sista, mapipa ya petroli, neno nililolisema pale mezani. Mikono yake iliendelea kufuma muda kidogo, kisha ikasimama. Nilisubiri alie, au anitukane, nilikuwa tayari kwa lolote.

"Mama umeshamwambia?"

"Bado."

"Basi nenda ukamwambie. Mimi siwezi kukubebea hilo mpaka kule."

Nilikwenda wiki ileile. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, anachambua dagaa, wazima huku, waliovunjika kule. Nywele zote zimekuwa nyeupe. Alitaka kuinuka anipokee, nikamwambia akae, nikakaa chini mbele yake, nikasema yote nikiwa nimemtazama. Hakunikatiza. Mikono yake ilikuwa inaendelea na dagaa, na nilipomaliza bado ilikuwa inaendelea.

"Hilo boksi lililobaki," alisema, "lingewatosha?"

"Wote. Na chanjo nyingine zingebaki."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaanza kuwataja wale watoto waliokosa, si kwangu hasa, anawataja tu. Wa yule fundi nyavu. Mapacha wa mjane. Wa katekista, yule mdogo. Wa mama aliyehamia Kipili. Alimtaja kila mmoja kwa jina lake, kwa jina la nyumba yake, na kwa kila mmoja aliweka dagaa mmoja mkekani, pembeni, peke yake. Alikuwa hajasahau hata mmoja. Alipomaliza wa kumi, akachukua dagaa wa kumi na moja, akabaki amemshika mkononi.